Ottavio Missoni: Kutoka Kambi ya Mateka hadi Kiwanda cha Sweta

Askari aliyewahi kushika lindo usiku wa manane katika nchi ya milima hahitaji kufundishwa thamani ya sweta. Bunduki humlinda na adui aliye mbele yake. Sweta humlinda na adui asiyeonekana, ambaye huanza vidoleni, akapanda viwikoni, na hatimaye akamnyang'anya mlinzi uangalifu wake. Wala si ajabu kwamba baadhi ya nguo za kufumwa ambazo raia huzivaa leo zilipata majina yake vitani. Sweta iliyo wazi mbele na kufungwa kwa vifungo huitwa kadigani, kwa jina la Lord Cardigan, mkuu wa wapanda farasi wa Kiingereza aliyeongoza shambulio mashuhuri la Balaklava katika Vita vya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Nayo kofia ya sufu ifunikayo kichwa na uso na kuacha macho peke yake ilichukua jina la mahali hapo hapo, Balaklava.

Lakini makala haya hayamhusu jemadari. Yanamhusu askari mmoja wa Italia ambaye nchi yake ilishindwa vita, ambaye mji aliokulia ulipotea, na ambaye aliitumia miaka minne ya ujana wake nyuma ya seng'enge. Baadaye, pamoja na mkewe aliyezaliwa katika ukoo wa watengenezaji wa shali, alikuwa mbunifu wa nguo za kufumwa ajulikanaye duniani kote. Jina lake ni Ottavio Missoni, na rafiki zake walimwita Tai.

KIJANA WA PWANI

Ottavio alizaliwa tarehe 11 Februari 1921 katika mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik nchini Kroatia. Baba yake alikuwa nahodha wa meli. Alikulia Zara, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo ya Bahari ya Adriatiki, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Italia na leo huitwa Zadar. Tangu utoto alikuwa na miguu miepesi, na punde ikadhihirika kwamba wepesi huo haukuwa wa kawaida.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alikimbia mita 400 mjini Milano kwa sekunde 48.8. Kila aliyepata kukimbia mbio hizo chuoni au kikosini ajua maana yake. Mita 400 si mbio fupi ambazo mtu huweza kuzimaliza kwa pumzi moja, wala si mbio ndefu zimruhusuzo kupumzika njiani. Mita 100 za mwisho hukimbiwa na moyo, kwa kuwa miguu imekwisha kataa. Mwaka 1939 akawa bingwa wa mita 400 katika michezo ya kimataifa ya wanafunzi iliyofanyika mjini Vienna. Alikuwa na umri wa miaka 18, na kila dalili ilionyesha kwamba Michezo ya Olimpiki ya 1940 ingemkuta katika ubora wake.

Michezo hiyo haikufanyika kamwe. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha kuanza, na tarehe 10 Juni 1940 Italia nayo ikaingia vitani. Michezo ya 1944 pia ikafutwa. Mwanariadha yeyote atakuambia kwamba miaka kati ya 19 na 25 ndiyo mavuno ya mwili, ikipita, hairudi. Miaka hiyo ya Ottavio ilichukuliwa na vita.

JANGWANI NA KAMBINI

Ndiyo vita ile ile ambayo wazee wetu wa KAR, kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, walipigana na majeshi ya Italia huko Somalia na Uhabeshi katika mwaka 1941. Wakati wazee hao wakimaliza kazi yao katika milima ya Uhabeshi, majeshi mengine yalikuwa yakisukumana huku na huko katika jangwa la Afrika ya Kaskazini. Ottavio Missoni alikuwa huko upande wa Waitaliano. Mwaka 1942, katika mapigano ya El Alamein nchini Misri, alitekwa na majeshi ya Uingereza.

Alikaa Misri akiwa mateka wa vita kwa muda wa miaka minne hivi, akarudi Italia mwaka 1946. Sisi tuliovaa sare twajua kwamba hakuna askari aombaye hali hiyo, na kwamba hakuna aliye salama nayo. Mateka hana silaha, hana amri, hana hata saa yake mwenyewe. Alichobaki nacho ni nidhamu aliyoiweka ndani kabla ya kutekwa. Kijana wa mbio za mita 400, aliyezoea kupima maisha yake kwa sehemu za sekunde, alilazimika kuyapima kwa miaka.

Aliporudi, hata mji wa kurudi hakuwa nao. Zara ulikuwa umepigwa mabomu mara nyingi na ndege za Mataifa Shirika katika miaka ya 1943 na 1944, na baada ya vita uliingia katika mamlaka ya Yugoslavia. Wakazi wake wengi wenye asili ya Kiitaliano waliuhama. Ottavio akafikia Trieste, mji wa bandari ulio upande wa juu wa bahari hiyo hiyo. Umri wake ulikuwa miaka 25. Hakuwa na kiwanda, hakuwa na urithi wa mali, wala hakuwa na kazi ya kushika mkononi. Alikuwa na miguu yake, na rafiki.

NGUO YA KWANZA ILIKUWA YA MAZOEZI

Rafiki huyo ni Giorgio Oberweger, mtupa kisahani aliyepata nishani ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Wawili hao walianzisha karakana ndogo ya kufuma suti za mazoezi za sufu. Chambilecho wahenga, avaaye kiatu ndiye ajuaye kimbanapo. Wanariadha hao walijua kasoro za nguo walizokuwa wakizivaa wao wenyewe. Mojawapo ya mambo waliyoyaongeza ni zipu kwenye miguu ya suruali, ili mkimbiaji aweze kuivua upesi bila kuvua viatu vyake vyenye misumari. Ni jambo dogo. Lakini asiyepata kuhangaika na suruali pembeni mwa uwanja, huku jina lake likiitwa, asingeliwazia.

Suti hizo zilichaguliwa kuvaliwa na timu ya Italia katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948. Tena Ottavio mwenyewe alikuwamo katika timu hiyo. Alikuwa na miaka 27, na sasa alishindana katika mita 400 za kuruka viunzi. Akavuka mchujo, akaingia fainali, akawa wa sita. Nishani ya dhahabu ilichukuliwa na Mmarekani Roy Cochran. Ya fedha ikaenda kwa Duncan White wa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka.

Nafasi ya sita haipandi jukwaani wala haipigiwi wimbo wa taifa. Lakini ndugu msomaji, tafakari safari iliyomfikisha hapo mtu huyu. Alikuwa ametoka miaka minne ya kambi ya mateka, na miaka miwili baadaye alisimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na watu wengine watano walio bora duniani, akiwa amevaa nguo za mazoezi zilizotoka katika karakana yake mwenyewe.

BINTI WA UKOO WA SHALI

Katika umati wa watazamaji uwanjani Wembley alikuwamo msichana wa Kiitaliano mwenye umri wa miaka 16, aliyekuja London kujifunza Kiingereza. Jina lake ni Rosita Jelmini. Alimwona Ottavio akikimbia, wakajuana huko huko London, na miaka mitano baadaye, tarehe 18 Aprili 1953, wakafunga ndoa.

Rosita alikuwa ametoka Golasecca, kijiji cha Lombardia, kaskazini ya Italia. Babu na bibi yake walikuwa na kiwanda cha shali na vitambaa vya kutarizi. Msichana huyu alikua akizisikia mashine zikigonga mchana kutwa. Alijua uzi mzuri na uzi mbaya kabla ya kujua mambo mengine mengi ya ulimwengu. Urithi wa namna hii hauandikwi katika wosia. Umo vidoleni na machoni, na hupokewa na mtoto pasipo yeye kujua kwamba anafundishwa.

Hivyo ndoa hiyo ilikuwa pia maungano ya elimu mbili. Mume alileta nguo ya michezo, itakiwayo inyumbuke pamoja na mwili; mke alileta ufundi wa ukoo wake. Mwaka huo huo wa 1953 wakafungua karakana yao katika chumba cha chini ya nyumba yao mjini Gallarate, si mbali na Golasecca. Kazi wakagawana: Ottavio alishika rangi na michoro, akichora juu ya karatasi za miraba, kila mraba ukisimama mahali pa kitanzi, Rosita alishika umbo la nguo, na namna itakavyomkaa mvaaji.

KITANZI HUSHIKWA NA KITANZI

Hapa yafaa tueleze ni nini hasa kinachoitofautisha nguo ya namna hii na kitambaa cha kombati. Kitambaa cha kombati kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazozikata kwa upana, moja juu na moja chini. Hukaza, huvumilia miiba na mikwaruzo, lakini hakinyumbuki sana. Sweta haina mtande wala mshindio. Uzi wake hupindwa kuwa kitanzi, na kitanzi hicho huvutwa kupitia katika kitanzi kilichotangulia, mstari baada ya mstari. Kwa kuwa kila kitanzi kina nafasi ya kufunguka na kujikunja, nguo yote hutanuka mkono unapoinuliwa na kurudi unaposhushwa. Tena katika vitanzi hivyo hewa hunaswa, na hewa hiyo ndiyo ihifadhiyo joto la mwili.

Uzuri huo una hatari yake. Kila kitanzi hushikwa na jirani yake. Kimoja kikikatika na kisizibwe mapema, vingine hufumuka kwa kufuatana. Askari aliyewahi kunasa kiwiko cha sweta katika seng'enge aijua habari hii.

Mashine za kwanza za akina Missoni zilikuwa na uwezo mdogo: zilifuma rangi moja, au mistari. Wengine wangeona kwamba huo ndio mwisho wa njia. Wao wakaamua kuitafuta mistari mpaka mwisho wake. Walibadili upana wa mistari, wakabadili mpangilio wa rangi, wakaweka rangi ambazo watu hawakuzoea kuziona zikikaa pamoja. Mwaka 1958 magauni yao ya mistari yakawekwa katika duka kubwa la La Rinascente mjini Milano, na jina la Missoni likaanza kusikika.

Mwaka 1962 wakapiga hatua iliyowapa sura yao ya kudumu. Walianza kutumia kwa nguo za kuvaa zile mashine ziitwazo Raschel, ambazo zilizoeleka katika kazi ya shali. Katika mashine hiyo nyuzi nyingi huenda kwa urefu zikiwa pamoja, kila mmoja na sindano yake, nazo huhamishwa kulia na kushoto kadiri kazi inavyoendelea. Kutokana na kuhamahama huko hutoka mistari ya zigizaga, ipandayo na kushuka kama meno ya msumeno. Waliongeza pia nyuzi zilizotiwa rangi kwa vipande-vipande, hata uzi mmoja ukawa mwekundu hapa, wa manjano pale na wa zambarau mbele yake. Uzi wa namna hiyo ukiingia mashinini, hutoa mchanganyiko ambao hata mchoraji hawezi kuubashiri wote.

Ndugu msomaji ataona kwamba hapakuwa na mwujiza. Chombo kilikuwa kimekuwako miaka mingi, nao watu wa ukoo wa Rosita waliijua kazi ya shali tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni mtu wa pili aliyekitazama kwa macho ya kigeni, akauliza kwa nini kifanye shali peke yake.

KUFUKUZWA NA KURUDI

Mafanikio hayakuja bila kikwazo. Mwezi wa Aprili 1967 walialikwa kuonyesha nguo zao katika Palazzo Pitti mjini Florence, jukwaa lililoheshimiwa kupita yote nchini Italia wakati huo. Rosita aliona kwamba nguo za ndani za wasichana wa maonyesho ziliharibu sura ya blauzi nyepesi, akawaamuru wazivue. Hakuna aliyefikiri habari ya taa. Walipotokea jukwaani, taa kali zikazifanya blauzi hizo kuwa kama kioo. Zogo likazuka magazetini, na mwaka uliofuata hawakualikwa tena.

Wangeweza kununa au kuomba radhi kila mlango. Badala yake walihamishia maonyesho yao Milano, karibu na kwao, na kadiri miaka ilivyopita wabunifu wengine wengi nao wakaelekea huko, hata Milano ukawa mji mkuu wa mavazi wa Italia. Mwaka 1969 walijenga kiwanda kipya Sumirago, kijiji kilicho mahali pa juu ambapo siku ya anga nyeupe huonekana mlima Monte Rosa na theluji yake. Nyumba yao nayo ikawa huko huko, ili kazi na watoto visitengane. Mwaka 1973 walipewa nchini Marekani tuzo ya Neiman Marcus, mojawapo ya heshima kubwa za kazi hiyo.

WATOTO, NA MWAKA WA MSIBA

Walijaliwa watoto watatu: Vittorio, aliyezaliwa mwaka 1954, Luca mwaka 1956 na Angela mwaka 1958. Wote watatu waliingia katika kazi ya wazazi wao, Vittorio akishika biashara na masoko. Mwaka 1997 Angela alikabidhiwa ubunifu wa nguo mahali pa mama yake. Rosita hakukaa bure kwa sababu hiyo. Alihamia upande wa vitambaa vya nyumbani, mashuka, mito na mazulia. Ottavio naye alirudi uwanjani, akishindana katika michezo ya wakongwe hata baada ya kupita umri wa miaka 80.

Kisha ukaja mwaka 2013. Tarehe 4 Januari ndege ndogo iliyowachukua Vittorio, mwenzi wake na watu wengine wanne iliondoka katika visiwa vya Los Roques nchini Venezuela, ikatoweka juu ya bahari. Wiki zikapita, miezi ikapita, pasipo habari. Watu wa majeshi na polisi wanaijua hali ya jamaa wa mtu aliyepotea kazini: hawawezi kuzika, wala hawawezi kuacha kungoja. Ottavio Missoni alifariki nyumbani kwake Sumirago tarehe 9 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 92. Mabaki ya ndege yalipatikana chini ya bahari mwishoni mwa Juni, na baadaye mwaka huo mwili wa Vittorio ukatambuliwa. Mzee aliondoka akiwa bado hajajua mwanawe yuko wapi.

Nyumba hiyo ingeweza kufumuka. Haikufumuka. Rosita, mjane aliyempoteza mume na mwana katika mwaka mmoja, aliendelea na kazi pamoja na watoto na wajukuu. Mwaka 2018 familia iliuza sehemu ya hisa kwa wawekezaji wa Kiitaliano, na mwaka 2021 Angela akauacha uongozi wa ubunifu, kazi ikaingia mikononi mwa watu wasio wa ukoo. Rosita alifariki mwezi wa Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 93. Zigizaga ile iliyotoka katika mashine ya shali hutambulikana mpaka leo hata pasipo kusoma jina lililoshonwa ndani ya kola.

FUNZO KWA WENYE SARE

Katika lugha ya Kiitaliano, utepe wa mwisho wa mbio, ule unaokatwa kwa kifua na mshindi, huitwa uzi wa sufu. Ottavio alipochapisha habari za maisha yake mwaka 2011, jina la kitabu lilikuwa na maneno hayo hayo, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa katika nyuzi hizo mbili: ule wa uwanjani, na ule wa kiwandani.

Kwetu sisi tulio jeshini na polisi, habari hii ina maana iliyo karibu. Siku ya kuvua sare itamfikia kila mmoja wetu, awe koplo au kanali. Wako wanaoifikia siku hiyo wakiwa na kiinua mgongo mkononi na bila kazi vidoleni, na fedha hizo huisha kabla ya misimu miwili ya mvua. Missoni hakuanza na mtaji mkubwa. Alianza na jambo alilolijua kwa mwili wake mwenyewe, yaani nguo ya mazoezi. Wateja wake wa kwanza walikuwa wanamichezo wenzake. Na alipooa hakuidharau kazi ya ukoo wa mkewe, bali aliifanya msingi wa maisha yake.

Katika nyumba zetu nyingi makambini wako akina mama wanaofuma sweta za watoto wa shule, kwa sindano mbili au kwa mashine ya mkono, na mume hupita mlangoni akiiona kazi hiyo kuwa ya kupitisha jioni tu. Shule zafunguliwa kila mwaka, na kila shule ya nchi za baridi yataka sweta za rangi yake. Mwenye kuvaa sare kwa miaka 20 ajua vema kipimo, usawa, na umuhimu wa kutimiza ahadi kwa tarehe iliyowekwa. Basi na aketi na mkewe leo, akiwa bado kazini, wahesabu pamoja bei ya uzi, siku za kazi, na idadi ya shule zilizo karibu na kambi. Asingoje barua ya kustaafu ndipo aulize uzi unauzwa wapi.